Mto wa Kiti cha Wageni

Walimwita Breki, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Enzi akiendesha basi la shule, watoto walikuwa wakimcheka kwamba akiona kuku upande wa pili wa mji, mguu wake tayari uko kwenye breki. Watoto wakakua, jina likakua nao. Waliokuwa wakigombania viti vya nyuma wakawa wauguzi, wauza duka na wazazi wa watu, na bado wakimkuta sokoni walisema, "Shikamoo, Mama Breki," naye akaitikia marahaba bila kinyongo.

Alikuwa mfupi. Marehemu mumewe, fundi wa magari, alimfundisha kuendesha kwa kumkalisha juu ya gunia lililojaa matambara, akimwambia, "Gari halijui kimo cha mtu, linajua akili yake." Kiti cha basi la shule kilipanda na kushuka, kwa hiyo kimo hakikumsumbua tena mpaka siku shule ilipomwambia umri umefika, ikampa saa ya ukutani na makofi, ikamrudisha nyumbani.

Kukaa nyumbani kulimshinda. Bintiye alikuwa amegeuza chumba cha mbele kuwa saluni, na tangu asubuhi wateja walikuwa wakiingia na kutoka, huku Breki akizunguka uani kama kuku aliyesahau mahali pa kutagia. Aliposikia kwamba kituo cha damu cha serikali kinatafuta watu wa kujitolea, alikwenda siku ileile, viatu vimepigwa rangi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapa soda waliotoka kutoa damu na kuwazuia wasiinuke haraka. Aliifanya vizuri, kwa sababu hakuna aliyejua kuwazuia watu kuliko yeye. Baadaye akaambiwa amsindikize dereva. Kituo kilikuwa na gari moja tu na dereva mmoja tu, mwanamume mrefu kupita kiasi aliyeitwa Mlingoti, ambaye akikaa garini nywele zake zilipangusa paa. Wawili hao walipeleka makasha ya baridi yenye damu kwenye zahanati na hospitali, Mlingoti kwenye usukani, Breki pembeni akiwa ameshika makasha kama mtu aliyepakata watoto wa wenyewe.

Hazikupita safari nyingi akaona jambo. Jua likiwapiga usoni, Mlingoti alipunguza mwendo na kuinamia kioo. Lori alilitambua kwa mlio kabla ya kuliona.

"Kaka, macho yana nini?"

"Vumbi."

"Vumbi gani hilo limekukalia tangu wiki iliyopita? Linalipa kodi?"

Mlingoti alicheka kidogo, kisha akaegesha gari pembeni na kuzima. "Yana ukungu, dada. Ni mtoto wa jicho. Nikisema, nasimamishwa. Na wanangu bado wako shule."

"Na ukigonga mtu?"

Breki alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva. "Sogea."

Ikawa ndio desturi yao. Mlinzi wa lango alikuwa ameambiwa kwamba gari la serikali haliendeshwi na asiyeajiriwa, kwa hiyo Mlingoti alilitoa langoni mwenyewe, polepole, mpaka kwenye kona ya mashine ya unga. Pale walibadilishana viti. Wakirudi, walibadilishana tena palepale. Walizoea kiasi kwamba hawakuambiana neno. Gari likisimama, mmoja anapita mbele na mwingine nyuma, kama watu wanaopishana mlangoni mwa nyumba yao.

Kilichobaki ni kimo. Kiti cha gari lile hakikupanda wala kushuka, na Breki aliitazama barabara kupitia katikati ya usukani, kidevu juu, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

Siku moja mkuu wa kituo akamwita ofisini. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama kona ya mashine ya unga. Breki alipanda ngazi akiiwaza kona hiyo. Mkuu alikuwa mtu mwenye adabu, mashati yake daima yamenyooshwa, mtu wa kusema "tutaangalia" kwa jambo ambalo hataki kuliangalia. Mbele ya meza yake kulikuwa na viti viwili vya mbao vya wageni, kila kimoja kina mto wa kitambaa cha kijani wenye kifungo katikati.

"Mama, mgongo unaendeleaje?"

"Hauniumi, bosi."

"Basi utauma." Akainama, akaunyofoa mmoja wa ile mito, kamba zikakatika, akamkabidhi. "Chukua. Barabara zetu unazijua." Kisha akageukia dirisha, mikono nyuma, akitazama nje. "Mimi sijaona kitu."

Breki alishuka na mto kwapani, amefurahi. Watu wazima ndivyo wanavyoruhusiana, aliwaza. Na kweli, tangu siku hiyo mkuu alikuwa akimpigia simu yeye, si Mlingoti: "Mama, mmefika? Kuna njia mnayopita haina foleni?" Gari lilikuwa na mto, damu ilifika, na hakuna aliyeuliza.

Ajali ilitokea asubuhi ya mvua. Walikuwa wamepita mashine ya unga, Breki ameshika usukani, mwendo wake ule wa kuwaudhi wenye haraka. Kati ya vibanda viwili kukachomoka baiskeli iliyobeba miguu ya meza, mbao zimetokeza huku na huku, na mwendeshaji wake ameinamisha kichwa kukwepa mvua. Breki alikanyaga breki. Alikanyaga mapema, kama alivyokanyaga maisha yake yote. Gari halikusimama. Liliteleza juu ya tope lile jekundu kana kwamba limesukumwa na mtu nyuma, na mlio uliofuata aliuhisi kwenye meno.

Alishuka mbio. Mtu alikuwa amelala ubavuni, mguu umekaa vibaya. Alikuwa fundi seremala, bado na penseli sikioni. Breki alipiga magoti kwenye tope, akamshika kichwa, akawa anamwambia "usiinuke, baba, usiinuke", maneno aliyowaambia wachangia damu. Watu walianza kutoka vibandani walimojikinga na mvua. Askari wa barabarani alipofika na kuuliza dereva ni nani, sauti ilitoka ndani ya gari.

"Mimi."

Breki aligeuka. Mlingoti alikuwa amehamia kiti cha dereva, magoti yamegusa usukani, kichwa kimepinda. Alimtazama Breki kwa yale macho yake yenye ukungu na kutikisa kichwa kidogo: nyamaza. Breki alifungua mdomo. Seremala akaguna kwa maumivu, naye akamwinamia, na alipoinua uso askari alikuwa tayari anaandika.

Gari la hospitali likaja kumchukua seremala pamoja na makasha ya damu. Lao likarudishwa kituoni, likaegeshwa nyuma ya ghala.

Nyumbani, bintiye alimsikiliza huku mkono wake ukiendelea kusuka nywele za mteja aliyelala usingizi chini ya vidole vyake. Alishusha sauti.

"Mama, umefanya vizuri kunyamaza."

"Nimefanyaje vizuri? Mwenzangu amebeba mzigo wangu."

"Yeye ameajiriwa. Mwajiriwa akigonga mtu kazini, ofisi inasimama naye. Wewe je? Wewe ni mtu wa kujitolea. Watauliza nani alikupa gari. Bosi wako atasema hajui, unamjua mwenyewe. Halafu huyo fundi atamshitaki nani? Atakushitaki wewe. Na wewe una nini?"

Wote wawili walitazama kioo kirefu kilichopigiliwa ukutani, mashine ya kukaushia nywele, dari ambayo mumewe aliipiga mwenyewe jioni baada ya jioni kabla hajaugua. Alikuwa na nyumba hii, basi.

"Na yeye mwenyewe kasema ni yeye," binti akamalizia. "Hukumtuma."

Breki aliingia chumbani, akakaa kitandani na nguo zenye tope. Ndipo mto ulipomjia akilini. Mto wa kijani ulikuwa bado kwenye kiti cha dereva. Mlingoti aliuparamia bila kuuona, akaukalia, ndiyo maana kichwa chake kilipinda vile. Mtu wa urefu ule angekalia mto wa nini? Ili achungulie nje kupitia paa?

Kesho yake asubuhi alikuwa langoni kabla ya wafanyakazi wengine. "Nimesahau mwavuli garini," alimwambia mlinzi, na mlinzi, ambaye alikuwa akimpa salamu za mkewe kila siku, akampisha bila kufikiri. Mlango wa gari haukufungwa kwa ufunguo. Aliuchukua mto, akauingiza ndani ya mfuko wa sokoni, akaufunika kwa mboga alizonunua kwa kazi hiyo tu. Akiwa anatoka, mlinzi akamwita.

"Mama Breki."

Alisimama, mkono juu ya mboga.

"Mwavuli umeuona?"

"Haupo," alisema. "Nadhani niliuacha nyumbani."

Alipoufikisha mto nyumbani, hakujua pa kuuweka. Aliuficha nyuma ya kabati. Alipotoka bafuni alikuta bintiye ameuona na kuutandika kwenye benchi la saluni, na mwanamke mmoja mnene ameukalia, anasimulia harusi ya shemeji yake. Breki alisimama mlangoni akiutazama ule ukingo wa kijani ukichungulia chini ya gauni la mteja. Kila gari lililopita nje lilimfanya ageuke.

Mchana alikwenda hospitali. Alijiambia ni kumpelekea mgonjwa uji, lakini hasa alitaka kujua kama seremala alimwona nani kwenye usukani. Alimkuta mguu umefungwa na kuning'inizwa, mkewe anamlisha chungwa.

"Ndiye huyu," seremala alimwambia mkewe. "Ndiye mama aliyenishika kichwa." Akamgeukia Breki. "Mungu akulipe, mama. Mimi sikuona chochote, niliona taa tu. Lakini huyo dereva wenu mrefu, haoni? Mtu gani anaendesha hivyo kwenye mvua?"

"Aliona," Breki alisema. "Alifunga breki."

"Wewe unamtetea kwa sababu mnafanya kazi pamoja."

Mke wa seremala akauliza swali lililokuwa likimsubiri mdomoni. "Mama, sisi tumwendee nani? Ofisini wanatuambia tusubiri mwanasheria. Huyu mguu wake ndio karakana. Asiposimama, hakuna kinachopikwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia, na Breki, aliyejua njia zote za mji ule, akashindwa kumwelekeza.

Alimkuta Mlingoti kwenye ngazi za kituo, amekaa peke yake, midomo inacheza.

"Unasali?"

"Nakariri." Akamwonyesha nafasi, naye Breki akaketi. "Mwanasheria wa idara anakuja kesho. Maelezo ya polisi nitayasaini baada ya hapo. Lakini askari amesema kila dereva aliyegonga mtu lazima akapimwe macho. Kwa hiyo nimemwomba muuguzi mmoja anisomee herufi za kile kibao chao cha ukutani. Nimeshika mistari mitatu."

"Na wakibadilisha kibao?"

"Dada, kile kibao ni cha serikali. Kitabadilishwa lini?"

Breki alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamkauka. "Kaka, watakumulika jicho kwa taa. Ukungu utaonekana hata na mtu aliyekuja kufagia. Hapo haitakuwa ajali tena. Watasema ulijua huoni, ukashika gari ukavunja mtu. Utafungwa."

"Na wewe ukisema ni wewe, watachukua nyumba." Mlingoti alikunja miguu yake mirefu, akaikumbatia. "Ulianza kuendesha kwa ajili yangu. Nani alikuomba? Sasa na mimi nimesogea. Tumelipana."

"Hatukulipana. Wewe unasogea shimoni."

Breki hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa saluni kabla ya wateja. Bintiye alikuwa anafagia nywele za jana. "Mama, leo ukiulizwa, sema ulikuwa umeshika makasha. Si ndiyo kazi yako? Ni nusu ya ukweli."

"Nusu nyingine ataishika nani?"

Binti aliacha kufagia. Breki aliinama, akauvuta mto kutoka kwenye benchi, akaupigapiga vumbi. Mwanawe alimtazama akiutia kwenye mfuko wa sokoni. Mwishowe akasema, "Angalau vaa viatu vyako vizuri."

Ofisi ya mkuu ilikuwa imefagiliwa. Mkuu alikuwa nyuma ya meza yake. Mlingoti alisimama karibu na kabati. Mwanasheria wa idara alikuwa binti mdogo kuliko Breki alivyotarajia, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amepata bahati mbaya ya kukaa kwenye kile kiti cha wageni kisicho na mto. Kila baada ya maneno machache alihamisha uzito upande mmoja, kisha mwingine. Breki alikalishwa kwenye kiti cha pili, chenye mto wake wa kijani. Aliuhisi chini yake kama kaa la moto.

"Nieleze utaratibu kabla hamjasema lolote," mwanasheria alianza, "ili mtu asiseme hakujua. Gari la idara likimuumiza mtu katika kazi ya idara, aliyeliendesha ni mkono wa idara, na idara ndiyo inayojibu. Hata awe wa kujitolea. Mradi alitumwa na mwenye mamlaka, au mwenye mamlaka alijua akaridhia, na hakuwa amelewa wala hakutoka kwenye njia aliyotumwa. Lakini aliyejichukulia gari mwenyewe, bila mtu kujua, atajibu mwenyewe." Akahama upande. "Sasa. Dereva alikuwa nani?"

"Mimi," Mlingoti alisema.

"Vizuri. Ukitoka hapa utakwenda kupimwa macho."

Midomo ya Mlingoti ilianza kucheza. Breki aliiona, akajua yuko mstari wa pili.

"Si yeye," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo mno, akairudia. "Si yeye, mwanangu. Ni mimi niliyeendesha. Yeye alihama kiti wakati mimi nimemshika mgonjwa."

Mlingoti alifumba macho. Kiti cha mkuu kililia.

Mwanasheria hakushangaa, au alijua kuficha. "Siku hiyo tu?"

"Siku zote."

"Nani alikupa gari, mama?"

Swali lilikuwa limefika. Breki alimtazama mkuu, na mkuu alikuwa anatazama dirishani, mikono nyuma ya kiti, vilevile kama siku ile. Breki aliiona dari ya mumewe ubao kwa ubao. Neno lake lingesimama peke yake, neno la mtu wa kugawa soda, na neno la mkuu upande ule. Akitamka jina lake, mkuu atakana, na mtu akishakana mbele ya mashahidi harudi nyuma.

Mwanasheria akahama tena, akashika kiuno.

Breki alifungua mfuko wa sokoni. "Samahani, mwanangu, kiti hicho kinakuumiza bure," alisema akiutoa ule mto, kifungo kikagonga meza. "Kalia huu. Ni wake."

Mwanasheria aliupokea. Alitazama mto aliokabidhiwa, kitambaa cha kijani kimechakaa katikati, kifungo kimelegea. Alitazama mto uliokuwa chini ya Breki. Alitazama kamba zilizokatika miguuni mwa kiti chake mwenyewe. Kisha, bila haraka, alimpima Breki kwa macho kuanzia kisigino mpaka kilemba, na Mlingoti kuanzia kiatu mpaka karibu na dari.

"Huu ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Kwenye kiti cha dereva. Niliuchukua jana, nikauficha. Hilo nalo nimekosea."

Mwanasheria aliuweka mto juu ya meza, mbele ya mkuu. Hakumwuliza kitu. Mkuu aliutazama kama mtu anayetazama barua ya kwao. Alinyoosha kola ya shati lake iliyokuwa tayari imenyooka.

"Nilimpa mimi," alisema hatimaye. "Asingeweza kuona barabara." Akausogeza mto pembeni. "Lakini sikumwambia aendeshe siku ya mvua."

"Nauliza kama ulijua, bosi. Sijauliza habari za mvua."

"Nilijua."

Mwanasheria akaandika. Alipomaliza, aliwaambia kwamba wote watatu watakwenda naye polisi kabla ya chakula cha mchana kusahihisha maelezo, kwamba mke wa seremala aelekezwe kwake, si kwa mtu mwingine, na kwamba Mlingoti atakwenda hospitali ya macho hivyohivyo, ila si kwa ajili ya kibao. Kwa mkuu alisema, "Wewe na mimi tutabaki kidogo, kisha tutawafuata," na kwa Breki, "Uamuzi si wangu peke yangu, mama. Lakini sasa nina cha kusimamia."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani?"

Breki aliuchukua mfuko wake wa sokoni. Aliinuka.

Kwenye ngazi, Mlingoti alishika ukuta akishuka. "Mistari mitatu yote," alisema, "imekwenda bure."

"Itunze. Ukishatolewa ukungu utaihitaji."

Gari la polisi, lililoitwa na mwanasheria kwa simu, liliwasubiri nje, dereva wake kijana mwenye haraka, injini inanguruma. Breki aliketi nyuma, akafunga mkanda, akaushika kwa mikono miwili. Walipoikaribia kona ya mashine ya unga, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu tupu, ukabaki umekanyaga mpaka walipoipita.